Daktari wa picha anajibu: sauti imepwelea na CT ya shingo imetoka safi

Barua za safari hii karibu zote ni za sauti, nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu manake ndani yake kuna kosa ninaloliona mara nyingi sana kwenye kazi yangu ya kusoma picha, na linaniuma kila nikikutana nalo.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nina miaka 47. Miezi mitatu iliyopita nilipata mafua ya kawaida, mafua yakaisha ila sauti ikabaki imepwelea mpaka leo. Nimemeza antibaiotiki dozi mbili, nikapewa na dawa ya asidi ya tumbo mwezi mzima, hamna kitu. Mwisho nikapigwa CT skani ya shingo, majibu yanasema hakuna uvimbe ulioonekana. Sasa nyumbani wote wananiambia nishukuru Mungu niache hofu, lakini sauti yenyewe inatoka kama upepo, nikisema sentensi mbili pumzi imeisha, na siku hizi nikinywa maji napaliwa. Ni kweli sina shida?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole sana. Shida unayo, na umefanya vizuri mno kuandika hilo la kupaliwa na maji. Sauti ya mafua inakwaruza, ni nzito, inakatikakatika, lakini haivuji. Yako inavuja. Upepo kwenye sauti, pumzi inayoisha katikati ya maneno, na maji yanayokosea njia, hivyo vitatu vikikaa pamoja mimi nashuku uzi mmoja wa sauti umesimama, hautembei, kwa hiyo zile nyuzi mbili hazikutani ukiongea wala hazifungi sawasawa ukimeza.

Swali langu la kwanza kwako, kuna mtu ameziangalia hizo nyuzi kwa macho yake? Kwenye barua yako sijaona. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2018 kinasema sauti iliyopwelea ikipita wiki 4 bila kurudi, zoloto, yaani pale kwenye kongomeo ambapo nyuzi zinakaa, lazima iangaliwe, na hizo wiki 4 zisisubiriwe kama mtu anavuta sigara au ana uvimbe shingoni au ametoka kufanyiwa upasuaji juzijuzi au anapumua kwa shida. Alafu mwongozo huohuo unasema mgonjwa wa sauti asipelekwe CT wala MRI kabla zoloto haijaangaliwa. Hata hizo antibaiotiki na dawa ya asidi ulizopewa kwa kubahatisha nao wanazikataza. Wewe umeanzia mwisho mwalimu, na sio kosa lako, ndo ulivyoelekezwa.

Kuangalia kwenyewe ni jambo la dakika chache. Daktari anapulizia dawa ya ganzi puani, anapitisha kamera nyembamba inayopinda, inawasha kidogo na machozi yanakutoka, alafu anakwambia sema "iiii", vuta pumzi kwa pua, kohoa, sema "iiii" tena. Kwenye skrini unaona nyuzi mbili nyeupe zinakutana zinaachana, zinakutana zinaachana. Kama mmoja umesimama hata wewe usiyesomea utauona, mwenzie anakuja mpaka katikati anarudi, yeye kakaa palepale. CT haiwezi kukuonyesha hivyo kirahisi manake inakupiga sekunde chache umelala kimya umeshika pumzi. Kuna dalili za pembeni ambazo msomaji wa picha anazijua, kile kishimo cha pembeni ya zoloto kinakuwa kimepanuka upande mmoja, mkunjo wa juu yake umenenepa na kuingia ndani, lakini ukiandikiwa kwenye fomu "maumivu ya koo" basi macho yake yatatafuta uvimbe, na asipouona anaandika safi.

Sasa tuseme kamera imeonyesha uzi umesimama. Hapo swali sio tena kooni kuna nini, swali ni mshipa wa fahamu unaouendesha umebanwa wapi, na hapa ndo watu wengi wanapotea, manake mshipa huo hautoki ubongoni ukaingia kooni moja kwa moja. Unatoka kwenye shina la ubongo, unapenya tundu chini ya fuvu, unateremka shingoni ubavuni mwa mishipa mikubwa ya damu, unaipita zoloto kabisa kama vile haikuhusu, unaingia kifuani, na ule wa kushoto unazunguka chini ya tao la aota, ule mshipa mkuu wa damu utokao kwenye moyo, ndo unageuka kupanda tena juu, unapita nyuma ya tezi ya shingo mpaka kwenye zoloto. Wa kulia unageukia juu zaidi, kwenye mshipa wa damu uendao mkononi, karibu na mtulinga. Twiga naye ana mshipa huohuo na njia hiyohiyo, hebu fikiria, unashuka shingo yote na kuipanda karibu yote, zaidi ya mita 4, kwenda mahali ambapo ungefika kwa sentimita chache tu. Galen, daktari wa kale wa Kigiriki, tangu karne ya 2 alishauona, alifunga mshipa huo kwa nguruwe aliyekuwa anapiga kelele na nguruwe akanyamaza papo hapo huku bado anahangaika.

Kwa hiyo chochote kinachobana kwenye njia hiyo ndefu, hata kama kiko kifuani, kinakuja kujulikana kooni. Na wa kushoto ndo unaumia mara nyingi zaidi kwa sababu njia yake ni ndefu na inapita penye mambo mengi.

Nikupe mfano mmoja ambao sijausahau. Mzee mmoja aliletwa kwetu baada ya kuhangaika miezi mitano, ana bahasha yake ameikunja mara nne, ndani kuna CT ya shingo kutoka sehemu nyingine na majibu yameandikwa kawaida. Nikaifungua ile picha kipande kwa kipande nikishuka, taya, zoloto, tezi, mtulinga, kwenye kipande cha mwisho nikaona vilele vya mapafu viwili, viduara vyeusi, basi, picha imeishia hapo. Majibu hayakuwa ya uongo, shingoni kweli hapakuwa na kitu. Tukampiga upya tukashuka hadi kifuani, na sentimita chache tu chini ya pale picha ya kwanza ilipokatika tao la aota limetuna kama puto, limeusukuma ule mshipa wa fahamu ukalala bapa kama utepe. Mzee hakuwa anaumwa kifua hata kidogo, dalili pekee ilikuwa sauti. Alifanyiwa upasuaji wa aota kabla haijapasuka. Nikikumbuka kwamba kilichotutenganisha na jibu ni fundi kushuka sentimita chache chini, moyo unanienda mbio mpaka leo.

Jambo hili lina jina la mtu, Ortner, daktari wa Vienna ambaye 1897 alieleza wagonjwa waliopotewa na sauti kwa sababu valvu ya moyo imebana, chumba cha juu cha kushoto cha moyo kikavimba, na mshipa wa fahamu ukabanwa hapo kati. Sikuhizi chini ya jina hilohilo tunaweka aota iliyotuna na presha kubwa ya mshipa wa mapafu. Ni nadra, sikutishi, lakini ukiitafuta shingoni hutaiona kamwe.

Basi mwalimu fanya hivi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, kamera kwanza. Ikithibitika uzi umesimama, omba CT yenye dawa ya kontrasti kuanzia chini ya fuvu mpaka chini ya tao la aota, na fomu iandikwe "uzi wa sauti wa kushoto hautembei" au wa kulia, neno hilo moja litambadilisha kabisa atakayeisoma. Pale chini ya tao kuna kijinafasi kati ya aota na mshipa mkuu wa mapafu, tezi za limfu zikivimba hapo, iwe kwa TB au kwa saratani ya pafu, zinaugandamiza ule mshipa wa fahamu moja kwa moja. Na kama daktari akiona kaakaa lako limelala upande mmoja, au bega limekuwa zito kulinyanyua, basi tatizo liko juu, karibu na fuvu, manake huko mishipa ya fahamu kadhaa inatokea tundu moja, na hapo MRI inaona vizuri kuliko CT.

Kuna watu tunawapiga picha kutoka fuvu mpaka moyo na hatuoni kitu, pengine ni kirusi kilichokuja na yale mafua, na baadhi yao sauti inarudi yenyewe ndani ya mwaka. Hata isiporudi kuna sindano ya kuujaza ule uzi uliolala ili mwenzie aufikie, na watu wanaongea vizuri tu. Kwa sasa kunywa kwa funda ndogondogo, inamisha kidevu kuelekea kifuani unapomeza, na usinywe maji huku unaongea na wanafunzi. Ukianza kukohoa makohozi na homa baada ya kupaliwa usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi napiga tarumbeta, miaka 29. Nikipuliza kwa nguvu upande wa kulia wa shingo unatuna kama yai, nikiacha unarudi. Miezi hii sauti nayo imekuwa nzito kama nimefungwa kitambaa ndani. Rafiki zangu wanapiga picha za simu wanacheka. Ni nini hii?

JIBU: Waambie waache kucheka, ila hizo picha za simu zitunze umwonyeshe daktari, zina faida kweli. Maelezo yako yanafanana sana na kifuko cha hewa cha zoloto, kitaalamu laringosili. Juu kidogo ya kila uzi wa sauti kuna kijishimo, na mwisho wa kijishimo kuna kifuko kidogo sana ambacho wengi wetu hatujui hata kama tunacho. Mtu anayeishi kwa kupuliza, tarumbeta, wapuliza vioo, hewa inakisukuma mwaka baada ya mwaka mpaka kinatuna, kikibaki ndani kinaulalia uzi sauti inakuwa nzito, kikipenya nje unakiona shingoni kama wewe. Larrey, daktari wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, aliandika 1829 kuhusu uvimbe wa hewa kwenye shingo za watu waliokuwa wanaadhini kutoka minarani huko Misri, kwa hiyo wewe sio wa kwanza, umetanguliwa na watu wa heshima.

Picha yake ni CT, na umwambie fundi kabla hujalala kwamba uvimbe unatokea ukipuliza tu, ili wakupige mara ya pili huku umeziba pua na mdomo unasukuma hewa. Ukilala umetulia kifuko kinaweza kunywea na picha ikatoka kama huna kitu. Hewa kwenye CT ni nyeusi tii, haifichiki. Kamera ya kooni usiiruke hata hivyo, hasa kama unavuta sigara, kwa sababu mara chache mdomo wa kifuko unazibwa na uvimbe mbaya uliojificha kwenye kile kijishimo. Na siku shingo ikivimba isirudi, ikawa nyekundu, inauma, una homa au unapumua kwa kukoroma, hiyo ni ya dharura, kifuko kimejaa usaha.

SWALI: Mwanangu ana miezi minne, akiwa mchanga alifanyiwa upasuaji wa kufunga mshipa karibu na moyo ambao ulikuwa haujajifunga. Moyo uko sawa ila kilio chake ni chembamba kama paka mdogo na akinyonya anakohoa. Naogopa kumpitisha kwenye mionzi tena.

JIBU: Mama pole, na hongera kwa kumfikisha hapo. Ule mshipa waliomfunga uko palepale mshipa wa fahamu wa kushoto unapogeukia, kwa hiyo kuuumiza kidogo wakati wa upasuaji ni jambo linalotokea hata mikononi mwa mabingwa. Habari njema ni kwamba kwa mtoto wa umri huu ultrasaundi inaziona nyuzi zikitembea, kwa sababu gegedu la zoloto yake bado laini halijaingia chokaa, mawimbi yanapita bila shida. Hamna mionzi, hamna sindano, unampakata tu, wanaweka kile kifaa chenye jeli shingoni, na akilia ndo vizuri zaidi manake tunaona uzi upi unafunga. Kamera nayo itahitajika pengine, na mtaalamu wa kumeza amwone mapema kwa ajili ya hayo maziwa yanayomkohoza, hilo ndo la haraka kuliko sauti.

SWALI: Baba yangu ana miaka 66, sauti imekwaruza taratibu kwa karibu miaka miwili. Kamera ilionyesha kivimbe laini chini ya nyuzi, kimefunikwa na ngozi nzuri, wakakata kinyama mara mbili majibu hamna kitu. Sasa CT imesema uvimbe wa gegedu wenye chokaa ndani, eti huenda ni saratani. Nani mkweli?

JIBU: Wote wanaweza kuwa wakweli, na baba yako ni mfano mzuri wa mahali ambapo picha inaona zaidi ya jicho. Uvimbe wa gegedu unaanzia ndani, mara nyingi kwenye ile pete ya chini ya zoloto upande wa nyuma, unakua unaisukuma ngozi ya juu ambayo yenyewe ni nzima, kwa hiyo koleo likikata juujuu linaleta ngozi nzima na maabara wanaandika ngozi nzima. Kwenye CT tunaona pete imetanuka na ndani yake vijidoa vyeupe vya chokaa kama bisi zilizotawanyika, na kwa picha hiyo peke yake tunakuwa tayari tunahisi sana ni uvimbe wa aina gani. Lakini jina kamili litatoka maabara, kwa kipande kilichochukuliwa ndani kabisa, na picha ndo imwongoze mkataji afike hapo.

Ungeniuliza kama mwanangu ningekwambia usiogope neno saratani kwenye hili kama ambavyo ungeliogopa kwingine. Nyingi za zoloto za aina hii zinakua polepole sana, miaka miwili ya baba yako inaendana na hilo, na mara nyingi madaktari wanapunguza uvimbe wakaiacha zoloto mahali pake. Cha kuuliza ni kama njia ya hewa imebana kiasi gani, hiyo nayo CT inaipima kwa milimita. Baba akianza kupumua kwa mlio akiwa amepumzika tu msilale nyumbani na hilo.

(Wengi mmeuliza kuhusu mionzi kwa hiyo nitie hapa kidogo. Binadamu kwa wastani anapata mionzi ya milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula bila kupimwa chochote. CT ya shingo na kifua kwa pamoja inazunguka kama 10 hivi kutegemea mashine, yaani miaka minne ya kuishi tu. Sio sifuri, kwa hiyo isipigwe ovyo, lakini mtu ambaye uzi umesimama anaihitaji na hatari ya kutoipiga ni kubwa zaidi. MRI haina mionzi kabisa, ila inachukua nusu saa na zaidi, na zoloto haitulii, ukimeza mate picha inachafuka, na wenye betri ya moyo lazima waseme mapema. Ile kontrasti ya CT ikiingia utasikia joto mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, na utadhani umejikojolea, hujajikojolea, inapita ndani ya dakika. Wenye matatizo ya figo na wanaomeza metformini, dawa ya kisukari, waseme kabla ya sindano.)

SWALI: Dokta, natibiwa saratani ya pafu la kushoto. Sauti imepwelea tangu mwanzo. Juzi nimepigwa PET na kwenye picha koo upande wa kulia linawaka kama taa. Sijalala usiku tatu. Imefika kooni?

JIBU: Ndugu yangu, jibu hili nimeliandika kwanza kabla ya mengine yote ili liwahi gazeti, kwa ajili ya huo usingizi wako.

PET haioni saratani yenyewe, inaona sukari inakokwenda. Unachomwa sukari yenye mnururisho, unakaa kama saa moja, na kila kinachofanya kazi kwa bidii kinaila na kinawaka, uvimbe unaila, ubongo unaila, na msuli unaotumika unaila vilevile. Pafu lako la kushoto ndo lenye ugonjwa, na mshipa wa fahamu wa kushoto unapita hapohapo, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa uzi wa kushoto ndo uliosimama. Wa kulia unabaki peke yake, kila ukiongea unavuka mpaka upande wa pili kumfuata mwenzie asiyekuja, unafanya kazi ya wawili. Basi unawaka. Upande unaowaka mara nyingi ndo upande mzima, na mgonjwa ni ule uliokaa kimya, giza. Nimeona watu wakipelekwa kukatwa kinyama kwenye uzi wao pekee unaofanya kazi kwa sababu tu uliwaka, na hilo lisikupate wewe.

Sikupi hukumu kutoka mbali, lazima kamera iingie puani ithibitishe, na daktari wako wa saratani aiweke CT pembeni ya PET aone kama pale panapowaka kuna uvimbe au ni msuli tu. Mwambie neno hili, "nadhani uzi wa kushoto umesimama", atakuelewa. Alafu nikuulize, ile saa moja ya kusubiri baada ya sindano ulikuwa unaongea? Na simu? Safari ijayo tangu sindano iingie mpaka ulale mezani kaa kimya kabisa, na unayeongozana naye mwambie mapema asikusemeshe.